Wavu Uliotundikwa Angani: Sanamu ya She Changes na Kumbukumbu ya Uvuvi katika Mji wa Matosinhos, Ureno

1.0 Utangulizi

Mwaka 2005, katika mwambao ambako jiji la Porto linapakana na mji wa Matosinhos kaskazini mwa Ureno, wavu mkubwa ulitundikwa juu ya mzunguko wa barabara uitwao Praça Cidade do Salvador. Wavu huo unashikiliwa na pete ya chuma yenye uzito wa takribani tani 20, na pete yenyewe imefungwa kwa kebo kwenye milingoti mitatu mirefu. Msanii aliyeubuni, Mmarekani Janet Echelman, aliipa kazi yake jina la Kiingereza She Changes. Maana yake ni "Yeye Hubadilika", na huyo "yeye" kwa Kiingereza ni wa kike. Wakazi wa eneo hilo wameizoea kwa jina jingine. Wao huiita Anémona, neno la Kireno linalomtaja mnyama laini wa baharini anayejishikiza kwenye mwamba na kuiachia minyiri yake ichezwe na mkondo wa maji.

Majina haya mawili ndiyo chanzo cha mjadala wa makala hii. Jina la kwanza lilitoka kwa mtu aliyeibuni kazi. La pili lilitoka kwa watu wanaopita chini yake kila siku. Kati ya majina hayo kuna swali ambalo wanahistoria wa sanaa za hadharani hawawezi kulikwepa: sanamu iliyosimamishwa katika mji wa wavuvi inabeba kumbukumbu ya nani, na inaibeba kwa njia gani? Swali hilo lina uzito wa pekee huko Matosinhos, mji ambao bahari iliulisha na pia ikaua watu wake.

Makala hii inajenga hoja kwamba wavu huu ni ukumbusho wa uvuvi katika maana ambayo shaba na jiwe haviwezi kuifikia, kwa kuwa unadai kutoka kwa jamii jambo lilelile ambalo wavu wa kazi humdai mvuvi, yaani kukaguliwa, kushonwa na kufanywa upya. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kufuata historia ya mji, chimbuko la mbinu ya msanii, ujenzi wa sanamu, namna ilivyopata jina la pili, na uhusiano wake na sanamu nyingine ya kumbukumbu iliyosimamishwa katika mwambao uleule mwaka huohuo.

2.0 Matosinhos: Mji Uliojengwa na Samaki

Matosinhos iko kwenye Bahari ya Atlantiki, mahali ambapo mto Leça unaingia baharini. Bandari ya Leixões, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, iliubadili mji huo kutoka makazi ya wavuvi na kuufanya kituo cha biashara na viwanda. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mji ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya Ureno vya kusindika samaki wa sardini, ambao ni jamii ya dagaa. Viwanda vingi vilijengwa karibu na bandari, na mabomba yao ya moshi yakawa sehemu ya sura ya mji. Kimojawapo, Pinhais, kilianzishwa mwaka 1920 na bado kinapakia samaki kwenye makopo hadi sasa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ureno haikujiunga na upande wowote, na samaki wake wa makopo walipata wanunuzi katika kambi zote mbili zilizokuwa zikipigana. Faida ya biashara hiyo ilitegemea kazi ya makundi mawili. Wanaume walikwenda baharini usiku kutupa nyavu. Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi viwandani, wakiwakata samaki vichwa, wakiwapanga na kuwatia kwenye makopo. Mapato ya familia nyingi yalitegemea kitu kimoja, nacho ni wavu kurudi na samaki.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1947, wavu haukurudi. Dhoruba iliipiga pwani ya kaskazini ya Ureno wakati mashua za uvuvi wa sardini zilipokuwa zikirejea nyumbani. Mashua nne, D. Manuel, Rosa Faustino, Maria Miguel na São Salvador, zilizama. Wavuvi 152 walikufa. Mji uliokuwa ukiishi kwa upepo na maji ulijikuta na wajane na mayatima wengi katika usiku mmoja. Msiba huo umebaki kuwa tukio kuu katika kumbukumbu ya mji, na makala hii itaurejea, kwa sababu hakuna ishara ya wavu huko Matosinhos inayoweza kusomwa kana kwamba usiku ule haukutokea.

Katika nusu ya pili ya karne, viwanda vingi vilifungwa. Eneo la kusini mwa bandari, lililokuwa la uzalishaji, likaanza kugeuka kuwa eneo la makazi mapya, migahawa na matembezi ya ufukweni. Mabadiliko ya namna hii yameikumba miji mingi ya bandari duniani, na kila mara huacha pengo: mahali pa kazi hubaki, lakini kazi yenyewe huondoka. Mpangaji miji wa Barcelona, Manuel de Solà-Morales, aliyepewa jukumu la kuupanga upya mwambao huo, alihitaji alama ambayo ingesimama katika pengo hilo. Alama aliyoichagua ilikuwa imeanza kukua mbali sana na Ureno, katika kijiji cha wavuvi nchini India.

3.0 Chimbuko la Mbinu: Kutoka Ufuo wa Mahabalipuram

Sanaa ya vitu vinavyoning'inia haikuanza na Echelman. Katika karne ya 20, aliyeifanya itambulike zaidi ni Mmarekani Alexander Calder, ambaye vipande vyake vya bati na waya vilipangwa kwa uwiano wa uzito ili viguswe na hewa na kuzunguka polepole. Mwaka 1939 Calder alitengeneza kazi iitwayo Lobster Trap and Fish Tail kwa ajili ya ngazi za Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York. Jina lake linataja mtego wa kambakoche na mkia wa samaki. Uhai wa baharini, kwa hiyo, uliingia mapema katika historia ya sanamu za kuning'inia, na sababu yake inaeleweka: kiumbe wa majini huelea, na kitu kilichotundikwa hewani ndicho kinachokaribia zaidi hali hiyo. Hata hivyo, kazi ya Calder ilikuwa ya ndani ya jengo, ilikuwa ya metali, na iliigiza umbo la mtego bila kutumia ufundi wa watengenezaji wa mitego.

Njia ya Echelman ilikuwa tofauti, na kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa hadharani mwaka 2011, ilianza kwa kukwama. Mwaka 1997 alikwenda India kwa ufadhili wa Fulbright, akiwa mchoraji aliyeahidi kufanya maonyesho ya michoro. Rangi alizozituma hazikufika. Akiwa Mahabalipuram, kijiji cha uvuvi chenye sifa ya uchongaji, alijaribu kutengeneza maumbo kwa shaba, lakini shaba ilikuwa nzito na ya gharama kubwa kwa maumbo makubwa. Ndipo alipowatazama wavuvi wakizikusanya nyavu zao katika marundo mchangani, jambo alilokuwa amelishuhudia kila siku, akatambua kuwa rundo la wavu ni umbo lenye ujazo lisilo na uzito. Kazi zake za kwanza za aina hiyo alizifanya pamoja na wavuvi hao. Zilipoinuliwa juu ya nguzo ili zipigwe picha, ilionekana kwamba kila pumzi ya upepo ilijiandika juu yake.

Baada ya hapo alifanya kazi na wafumaji wa lesi nchini Lithuania, kisha akarudi kwa wavuvi wa India. Pamoja nao alitengeneza wavu wenye mafundo milioni 1.5 yaliyofungwa kwa mkono, ambao ulitundikwa kwa muda mfupi mjini Madrid. Miongoni mwa walioutazama alikuwamo Solà-Morales, na ndiye aliyemwomba msanii atengeneze kitu cha namna ile, lakini cha kudumu, kwa ajili ya mwambao wa Porto na Matosinhos.

Kwa mwanahistoria, mambo mawili katika simulizi hii yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba ujuzi ulioizaa sanamu hii ulikuwa wa wavuvi kabla haujawa wa msanii. Wavu si malighafi ghafi kama udongo. Ni elimu iliyofungwa kwa uzi: ukubwa wa matundu, unene wa uzi, uzito wa chini na maboya ya juu huamua samaki gani atanaswa na yupi ataachwa. Kiswahili chenyewe kinalishuhudia jambo hilo, kwa kuwa hakiridhiki na neno "wavu" pekee, bali kinatofautisha jarife, juya na kimia kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. La pili ni kwamba jina la msanii linajulikana duniani, ilhali mikono iliyofunga mafundo milioni 1.5 haitajwi kwa majina. Hali hiyo ni ya kawaida katika historia ya sanaa, lakini katika kazi inayodai kuukumbuka uvuvi inakuwa sehemu ya maana yake.

4.0 Ujenzi: Kutoka Mkono Kwenda Mashine

Ombi la Solà-Morales lilibeba mgongano ambao msanii mwenyewe ameueleza. Kitu kinachodumu kinahitaji mahesabu ya kihandisi na uimara; kazi alizokuwa amezifanya zilikuwa laini, dhaifu na za muda. Kuviunganisha viwili hivyo kulichukua miaka mitatu.

Tatizo la kwanza lilikuwa uzi. Uzi wa kawaida wa wavu haukukusudiwa kukaa juani mwaka mzima bila kupumzika. Ilichukua miaka miwili kupata uzi unaoweza kustahimili miale ya jua, chumvi ya bahari na hewa chafu, na papo hapo ukabaki laini kiasi cha kuchezeka kwa upepo. Uzi uliochaguliwa ni wa PTFE, aina ya plastiki ambayo watu wengi wanaifahamu kama utando unaopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande.

Tatizo la pili lilikuwa upepo. Wavu ulipaswa kutikisika kwa madaha katika upepo wa kawaida, lakini usichanike wala kuangusha milingoti katika kimbunga, tena ukiwa juu ya barabara yenye magari. Wakati huo hapakuwa na programu ya kompyuta ya kihandisi iliyoweza kukadiria mwenendo wa kitu chenye matundu na kinachosogea muda wote. Msaada ulipatikana kwa Peter Heppel, mhandisi wa mambo ya anga aliyekuwa akisanifu matanga ya mashua za mashindano ya America's Cup. Suluhisho la tatizo la sanaa ya nchi kavu lilitoka, kwa mara nyingine, katika elimu ya watu wa baharini.

Tatizo la tatu lilikuwa mafundo. Fundo lililofungwa kwa mkono halikuweza kuaminiwa kuhimili nguvu za kimbunga katika wavu wa ukubwa huo. Ilibidi kazi ihamie kwenye kiwanda cha nyavu za uvuvi, na msanii ajifunze mashine zinaweza kufanya nini na zisiweze nini. Kwa kuwa hapakuwa na lugha ya kuutafsiri ufundi wa mkono kwa waendesha mashine, ilibidi lugha hiyo ibuniwe. Matokeo yake ni wavu wenye eneo la takribani mita za mraba 4,600, unaoning'inia kutoka kwenye pete ya chuma kama faneli kubwa yenye tabaka zinazopishana.

Rangi nazo zina historia. Mistari myekundu na myeupe inayoonekana katika sanamu inarejelea mabomba ya moshi ya viwanda vya eneo hilo, na milingoti na kebo zake zinarejelea merikebu. Kwa hiyo, ukisomwa kwa makini, mnara huu unayataja makundi yote mawili ya historia ya mji: wavu na mlingoti kwa waliokwenda baharini, na bomba la moshi kwa waliobaki viwandani. Kuhama kwa kazi kutoka mkono kwenda mashine ni sehemu nyingine ya historia hiyo, ingawa haikukusudiwa. Uvuvi wenyewe ulipitia njia hiyohiyo katika karne ya 20: nyavu za nyuzi za mimea zilizosukwa na familia zilibadilishwa kwa nyavu za nailoni za kiwandani. Sanamu iliyoanzia kwenye vidole vya wavuvi wa Mahabalipuram na kuishia kwenye mashine imerudia, ndani ya miaka michache, safari ambayo uvuvi uliifanya kwa miongo kadhaa.

5.0 Jina la Pili: Namna Wavu Ulivyogeuka Kiumbe

Jina rasmi la sanamu lina wazo: kubadilika. Umbo lake halifanani saa mbili mfululizo, kwa sababu upepo haufanani. Jua linapopanda, kivuli cha wavu huchorwa barabarani na kusogea. Usiku unapoingia, taa huupa sura nyingine. Hata hivyo, wazo halishiki mdomoni kwa urahisi. Mtu anayemwelekeza mgeni hasemi "pinda kushoto kwenye wazo la mabadiliko." Husema "pinda kushoto penye Anémona."

Jina hili la pili linastahili kuchukuliwa kwa uzito kama tendo la ufasiri. Msanii alianza na chombo cha kumnasa kiumbe wa baharini. Wakazi walikitazama chombo hicho wakamwona kiumbe mwenyewe. Katika kubadilisha jina, waliondoa mvuvi na samaki, mwindaji na windo, wakabakiza uhai unaotikiswa na mkondo. Kwa upande wa maumbile jina hilo ni sahihi kwa namna ya kushangaza. Anemoni hana mifupa, kama ambavyo wavu huu hauna kiunzi ndani yake. Amejishikiza mahali pamoja na haendi mbali, lakini haachi kusogea. Hupokea umbo lake kutoka kwa maji yanayompita. Mtu asiyejua lolote kuhusu PTFE wala mahesabu ya matanga amekieleza kwa neno moja kile ambacho wahandisi walikitafuta kwa miaka mitatu.

Lakini jina hilo pia linaficha. Anemoni hana uhusiano wowote na ajira, viwanda wala mashua zilizozama. Mtalii anayelisikia huona pambo zuri la ufukweni, linaloendana na migahawa na vyumba vipya vyenye kutazama bahari. Mkosoaji anaweza kudai, na kwa haki, kwamba eneo lililokuwa la jasho limepambwa kwa picha ya bahari isiyo na wavuvi. Mwandishi wa Austria, Robert Musil, alidai mwaka 1927 kwamba sanamu za kumbukumbu zina tabia ya kutoonekana, kwa kuwa macho huziteleza. Hatari ya Anémona ni kinyume chake: inaonekana sana, lakini inaweza kuonekana bila kukumbusha kitu.

Jibu la ukosoaji huo haliwezi kupatikana katika sanamu hii ikitazamwa peke yake. Linahitaji kuitazama pamoja na jirani yake.

6.0 Sanamu Mbili za Mwaka Mmoja

Mwaka huohuo wa 2005, katika ufuo wa Matosinhos, ilisimamishwa sanamu ya shaba ya mchongaji wa Kireno José João Brito, iitwayo Tragédia do Mar, yaani "Msiba wa Bahari". Inatokana na mchoro wa Augusto Gomes, msanii mzaliwa wa mji huo. Inawaonyesha wanawake na watoto wakiwa ufukoni, wakiielekea bahari kwa maombolezo na kukata tamaa. Ni kumbukumbu ya wavuvi 152 wa mwaka 1947.

Kulinganisha kazi hizi mbili kunaonyesha tofauti iliyo wazi. Ya shaba ina watu. Ya wavu haina mtu. Ya shaba inataja tukio. Ya wavu haitaji tarehe yoyote. Moja imeshikamana na mchanga, nyingine iko angani. Moja imegandisha dakika moja ya historia, nyingine haitulii hata dakika moja. Mtaalamu wa Austria, Alois Riegl, katika andiko lake la mwaka 1903 kuhusu kumbukumbu za kale, alitofautisha kati ya kumbukumbu zilizokusudiwa tangu mwanzo kukumbusha jambo na zile ambazo hazikukusudiwa, bali zilipewa maana ya kihistoria na vizazi vilivyofuata. Tragédia do Mar ni ya aina ya kwanza bila shaka yoyote. Anémona imesimama kati ya aina hizo mbili: ilikusudiwa kurejelea historia ya uvuvi, lakini maana yake ya kila siku imetolewa na watumiaji.

Pamoja na tofauti hizo, kazi zote mbili zina kiini kimoja, nacho ni upepo. Katika sanamu ya shaba, upepo haupo tena. Yamebaki matokeo yake katika nyuso na mikono ya waliofiwa. Katika sanamu ya wavu, upepo upo muda wote, na ndio unaoipa kazi uhai wake. Mtu anayetembea kutoka moja hadi nyingine, umbali usio mrefu kwa miguu, anapita kutoka kwa gharama ya upepo hadi kwenye uzuri wake. Familia za wavuvi zimeishi na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa upepo uliojaza tanga ulikuwa pia upepo uliozamisha mashua. Kwa maana hiyo hakuna kazi kati ya hizi inayotosha bila mwenzake. Shaba peke yake ingeufanya uvuvi uwe msiba tu. Wavu peke yake ungeufanya uwe pambo tu.

Wanawake nao wanaziunganisha kazi hizi. Katika Tragédia do Mar ndio wahusika wakuu. Katika kazi ya Echelman wamo kwenye jina la asili, lile "yeye" wa kike ambalo neno Anémona limelifuta, na wamo pia kwenye mbinu. Methali ya Kireno husema kwamba palipo na nyavu pana lesi, na mji wa Vila do Conde, kaskazini mwa Matosinhos, unafahamika kwa lesi inayofumwa na wanawake. Msanii anauita wavu wake lesi, na mji wenye methali hiyo haukuhitaji kufafanuliwa. Mwanamume aliutupa uzi baharini. Mwanamke aliufuma nyumbani. Katika mzunguko wa barabara kazi hizo mbili zimekuwa kitu kimoja.

7.0 Ukumbusho Unaohitaji Kushonwa

Riegl alieleza pia thamani inayotokana na ukale, ile hisia ambayo kitu cha zamani huiamsha kwa sababu dalili za wakati zinaonekana juu yake. Shaba hupata rangi ya kijani, jiwe huota kuvu, na watazamaji huheshimu dalili hizo. Kwa wavu mambo huenda kinyume. Wavu uliochakaa haupati heshima ya uzee. Hutoka tu matundu yasiyopangwa. Jua hula uzi, chumvi hukaa kwenye mafundo, na upepo usiokoma husugua kila kiungo. Hata uzi ulioteuliwa kwa miaka miwili hauwezi kuepuka sheria hiyo milele. Milingoti na pete vinaweza kudumu kwa vizazi, ila kilicho laini lazima kikaguliwe, kirekebishwe na hatimaye kibadilishwe.

Jambo hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa udhaifu wa sanaa ya namna hii, na kwa mamlaka za miji ni suala la bajeti: ukumbusho usiokamilika siku ya uzinduzi ni deni la kila kizazi. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaipuuza maana ya wavu katika maisha ya wavuvi. Hakuna mvuvi aliyewahi kununua wavu akitarajia usichanike. Kushona nyavu ufukoni ni nusu ya kazi ya uvuvi, nusu isiyosimuliwa, na wasioingia baharini, wakiwamo wazee, mara nyingi hushiriki katika nusu hiyo. Waswahili husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mvuvi, asiyeziba tundu hurudi bila samaki.

Hapa ndipo hoja kuu ya makala inapokamilika. Sanamu ya shaba inaihakikishia jamii kwamba kumbukumbu imekwisha kuwekwa mahali salama. Wavu hautoi hakikisho hilo. Unailazimisha jamii iamue, kila baada ya miaka kadhaa, kama bado inataka kukumbuka. Mji ukiacha kuutunza, pete tupu ya chuma itabaki angani kama ushahidi kwamba jamii iliusahau. Mji ukiutunza, watakaofanya hivyo watalazimika kuurudia ujuzi wa nyuzi, mafundo na matundu, hata kama hakuna tena anayetupa jarife kutoka ufuo ule.

Ikumbukwe kwamba kazi za baadaye za Echelman zilielekea katika ulaini zaidi. Mwaka 2010, kwa kazi iitwayo 1.26 mjini Denver, aliachana na pete nzito ya chuma na kutumia uzi wenye nguvu kubwa mno kulinganisha na uzito wake, uliowezesha wavu kufungwa moja kwa moja kwenye majengo yaliyokuwapo. Kazi za aina hiyo huzunguka kutoka mji hadi mji na kuondolewa. Zina faida zake, lakini hazina mji unaowajibika kwazo. Sanamu ya mwaka 2005 inabaki na umuhimu wa kihistoria kwa sababu wavu uliahidiwa kwa mahali pamoja na watu wa mahali hapo.

8.0 Hitimisho

Historia ya She Changes imeonyesha kwamba sanamu ya hadharani ina waandishi wengi. Wavuvi wa India walichangia ufundi, mhandisi wa matanga akachangia mahesabu, kiwanda cha nyavu kikachangia mashine, mpangaji miji akatoa mahali, na wakazi wakatoa jina. Jina hilo la Anémona liliugeuza wavu kuwa kiumbe, likaupa nafasi katika mapenzi ya watu, na kwa wakati uleule likaufunika uhusiano wake na kazi na vifo. Uhusiano huo hurejea pale wavu unaposomwa pamoja na sanamu ya shaba ya Tragédia do Mar, iliyo jirani yake kwa mahali na kwa mwaka.

Kwa watafiti wa sanaa za kumbukumbu, kisa hiki kinapendekeza kwamba swali la "sanamu hii itadumu muda gani?" liambatane na swali jingine: "ni nani atakayeitunza, na kwa ujuzi gani?" Huko Matosinhos swali hilo la pili lina jibu la kale kuliko sanamu yenyewe. Kabla ya mwaka 2005 na kabla ya 1947, watu wa pwani ile walijua kwamba wavu huanza kuharibika siku unapolowa kwa mara ya kwanza, na kwamba anayetaka kuvua kesho huketi jioni ya leo na uzi na sindano.